Wafu kwa Alfabeti

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini habari hii naisimulia nikiwa nimetulia, maana hasira nilizokuwa nazo nilizimaliza zote mwaka huu na hazikunisaidia chochote. Nilimgombeza bosi, nikamgombeza Janeth wa watu ambaye hana kosa, nikaigombeza na kompyuta yenyewe. Kompyuta ndiyo pekee iliyonisikiliza bila kujitetea.

Ofisi yetu iko Morogoro mjini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kazi yetu ni kuhamisha watu. Ukija mradi wa barabara au bwawa, mwenye mradi anatuita, tunakwenda kuhesabu nyumba, mashamba na vyoo vya shimo, tunaandika nani ana nini na anahamia wapi. Mimi ni karani. Napokea simu, naandika mihtasari ya vikao, na mgeni akija nachemsha chai, ingawa kwenye mkataba wangu neno chai halimo.

Safari hii mradi ulikuwa bwawa, na bonde lenyewe lilikuwa la Mluwila, kule milimani juu ya Mkuyuni. Mluwila ndiko nilikozaliwa. Mama yangu, Bernadeta, bado anaishi huko, analima mboga kwenye matuta ya mlimani. Nyumba yake iko juu, maji yasingeifikia. Kilichokuwa bondeni ni kanisa la zamani na makaburi yake, na ndani ya makaburi hayo alikuwemo Elia.

Elia ni kaka yangu. Alifariki kwa surua akiwa mtoto wa miaka sita, kabla mimi sijazaliwa. Sikumwona, lakini nimekua naye. Kila Jumapili baada ya misa mama alipita kwake, akang'oa majani, akamweleza habari za wiki nzima: nani kaoa, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Nilipokuwa mdogo nilimwonea wivu yule kaka, maana mimi mama hakuniambia umbea wowote.

Siku bosi wetu, Injinia Severin, alipokuja kijijini kutangaza habari za bwawa, watu waliuliza kuhusu mashamba, wakauliza kuhusu barabara, wakauliza kama samaki watakuwa wa kijiji au wa serikali. Mama alisubiri mpaka wote wamalize. Akauliza kitu kimoja tu, kwamba na Elia je. Severin, ambaye kwa kweli ni mtu muungwana, alimjibu kwa heshima zote. Alisema mama, mwanao tutamhamisha kwa taratibu zote, atapelekwa makaburi mapya kule mlimani karibu na kwako, na tutaacha nafasi pembeni yake kwa ajili yako, siku Mungu akikuita. Mama akaweka saini. Ukitaka kujua alichokihitaji mama yangu duniani, ni hicho tu, alale pembeni ya mwanawe.

Sasa nieleze habari ya faili.

Makao makuu yetu Dar yalinunua mfumo wa bei mbaya kwa ajili ya kazi hizi. Kuingia lazima uwe na neno la siri. Ukibadilisha kitu, mfumo unaandika ni wewe umekibadilisha, siku gani na saa ngapi, na huwezi kubadilisha mpaka mwingine aidhinishe. Kila jioni unajihifadhi wenyewe huko Dar. Mfumo huo ulijua mgomba unaozaa na mgomba usiozaa. Ulijua banda la kuku la mabati na la nyasi. Kaburi haukulijua. Aliyeutengeneza hakufikiria kwamba watu wana wafu.

Kwa hiyo Janeth, afisa wetu wa jamii, alitengeneza faili lake la Excel kwenye laptop yake. Aliamrishwa na nani? Hakuna. Kazi ilikuwepo, mfumo haukuwa na pa kuiweka, yeye anajua Excel, akatengeneza. Ndivyo mambo yanavyokwenda maofisini, na kila mtu akasema Janeth oyee. Faili liliitwa Makaburi. Baadaye likaja Makaburi Mapya, likaja Makaburi Mwisho, likaja Makaburi Mwisho Kabisa. Tulikuwa tunalicheka. Halikuwa na neno la siri, halikwenda Dar jioni, na hakuna mtu wa kuliidhinisha. Lilikuwa kama daftari la mtu binafsi, isipokuwa ndani yake mlikuwa na kijiji kizima cha marehemu.

Kufukua kulifanyika kiangazi kikiisha. Makaburi ya Mluwila hayakuwa na mpangilio wa mistari, yalikuwa yamekaa kiukoo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na hata kaburini watu walilala hivyo, dada na dada, mjomba na wapwa. Tulianza na mzee Zakaria, katekista wa kwanza wa Mluwila, kwa sababu wazee waliomba mwalimu wao atangulie. Nilikuwepo. Mjukuu wake, Fransisko, ambaye ndiye katekista wa sasa, alishika sululu mwenyewe.

Kila familia ilisimama kwenye kaburi lake. Mifupa ilikusanywa, ikafungwa kitambaa, ikawekwa kwenye sanduku dogo la mbao, na sanduku likapigwa misumari hapo hapo mbele yao. Masanduku yote yalikuwa saizi moja, mkubwa kwa mdogo. Juu ya mfuniko kijana wetu aliandika namba kwa kalamu ya wino mzito, na Janeth, amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, tumbo la miezi minane mbele yake, akaandika namba ile na jina la marehemu kwenye faili. Jina halikuandikwa kwenye sanduku. Tuliwaambia watu kwamba majina yatachapwa ofisini kwenye vibandiko vizuri, yasifutike. Tuliona ndiyo ustaarabu.

Mama alikuja na kanga mpya ya kumfungia Elia. Alishuka mwenyewe ndani ya shimo, akakataa kushikwa mkono. Vimifupa vilikuwa vichache mno. Alivifunga ndani ya kanga taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto, akaviweka sandukuni. Baadaye nilimuuliza kama anakumbuka namba iliyoandikwa juu. Swali la kijinga. Nani anashika namba huku analia?

Waislamu wa bonde lile makaburi yao yalikuwa upande wa pili wa mto, na kamati yao ilikuwa chini ya mzee Rehani. Wao walikataa katakata maiti zao zilale bandani kusubiri sherehe. Walifukua asubuhi, wakazika adhuhuri, kila mtu akimbeba wake mkononi. Sisi Wakristo tulitaka misa moja kubwa ya pamoja, na padri, na kwaya, na mgeni rasmi. Tukayapanga masanduku kwenye banda la parokia tukisubiri tarehe. Ndipo mvua ikawahi, barabara ya Mkuyuni ikakatika, na tarehe ikasogea. Janeth akaenda likizo ya uzazi kwao Turiani, na laptop akaikabidhi kwa Severin.

Wakati tunasubiri, ukazuka ugomvi.

Majina ya marehemu yangesomwa kwenye misa, yote, kwa sauti. Swali likawa, ukoo upi unasomwa kwanza? Mtu wa mjini anaweza kuona ni jambo dogo. Nenda kamwambie mzee wa Kiluguru kwamba ukoo wake ulifika bondeni baada ya ukoo wa jirani yake, uone. Akisomwa wa kwanza akina Fransisko, ina maana wao ndio wenye bonde. Wakisomwa wa kwanza akina sisi, ina maana akina Fransisko ni wakuja. Mjomba wangu Pazi alisema kama ukoo wetu unasomwa wa pili, basi masanduku yetu yatabaki bandani hadi kiama. Vikao vikawa vya kutwa, watu hawasalimiani njiani.

Aliyepata dawa ni Fransisko. Alisimama kanisani akasema, ndugu zangu, tufanye kama shuleni. Mwalimu anapoita majina haulizi baba yako nani wala mama yako ukoo gani, anaanza na A anamaliza na Z. Watu wakatazamana. Haikuwa na mshindi wala mshindwa, hata babu yake mwenyewe Zakaria angekuwa wa mwisho. Mjomba Pazi akapiga makofi wa kwanza, kanisa zima likafuata, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa meza ya mbele naandika muhtasari, na nakwambia nilifurahi mpaka machozi, maana nilidhani tunaelekea kupigana.

Severin naye alifurahi. Akasema hilo ni jambo la sekunde moja. Akafungua laptop pale pale, akalifungua faili la Janeth, akaichagua safu ya majina yote kutoka juu hadi chini, akabonyeza kitufe cha kupanga kwa alfabeti. Kakisanduku kakatokea katikati ya kioo kuuliza jambo fulani kwa Kiingereza. Nilikaona, nilikuwa pembeni yake. Alibonyeza jibu la kuendelea, kakaondoka, kama tunavyoviondoa vyote. Majina yakajipanga A mpaka Z. Akahifadhi, akainua kompyuta juu kuwaonyesha wazee, wakapiga makofi tena.

Sikujua, na yeye hakujua, kwamba majina yalisogea peke yao. Namba za masanduku zilibaki pale pale zilipokuwa. Kila jina liliachana na namba yake na kwenda kukaa kwenye namba ya mtu mwingine, na kile kisanduku kilichotokea ndicho kilichokuwa kinauliza kama kweli tunataka hivyo.

Kutokana na faili hilo tukachapa vibandiko. Vijana walikwenda bandani, wakaangalia namba kwenye sanduku, wakatafuta namba kwenye karatasi, wakabandika jina juu yake. Kazi safi kabisa. Mvua ilipotulia misa ikafanyika, majina yakasomwa, hakuna ukoo ulionuna. Masanduku yakazikwa kwa kufuata namba, mstari kwa mstari, na kila moja likawekewa msalaba wenye jina lililokuwa kwenye kibandiko. Wapo waliouliza mbona dada zao wawili, waliokuwa wamelala pamoja, sasa wako mbalimbali. Severin akawajibu si mlikubaliana alfabeti? Wakasema kweli, tulikubaliana. Hata yeye aliamini hivyo, kwamba makaburi yamefuata mapatano ya kanisani.

Mama alimkuta Elia katikati ya Efremu na Emanueli. Nafasi yake ya pembeni, upande wa Efremu, iliachwa, kama alivyoahidiwa. Emanueli ni marehemu mume wa Rosa, rafiki yake mama tangu usichana, na mama akatania kwamba sasa Elia amepata mtu mzima wa kumwangalia. Akaanza tena Jumapili zake. Bwawa nalo likaanza kujaa, na kanisa la zamani likabaki paa, kisha likapotea.

Niligundua mwezi wa saba. Parokia iliomba orodha ya marehemu ili waandike ubao wa kuweka getini kabla ya Siku ya Marehemu Wote. Nikafungua faili. Namba moja, Adela. Nikapita. Kisha nikarudi. Namba moja, Adela?

Namba moja alikuwa mzee Zakaria. Tulianza naye, nilikuwepo, nilimwona Fransisko akishika sululu. Nikashuka mpaka chini kabisa ya faili, na huko nikamkuta Zakaria ana namba ya sanduku la mwisho. Nikatazama katikati. Namba zinapanda moja moja, na majina yanakwenda A, B, C, kama vile siku ile tulifukua watu kwa alfabeti. Hakuna duniani makaburi yanayofukuliwa kwa alfabeti. Nilikaa pale nimeshika kipanya, simu inaita, sikuipokea.

Nilimwita Severin, nikamwonyesha. Aliangalia muda mrefu. Akasema labda Janeth aliandika hivyo. Nikamwambia Injinia, usinifanye mtoto. Akakaa kwenye kiti changu, akabonyeza kile kimshale cha kurudisha nyuma ulichokifanya. Kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Akabonyeza tena na tena. Nilimwonea huruma na nikataka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja. Mtu na shahada zake mbili anakibonyeza kimshale kana kwamba kikikubali, wafu watanyanyuka warudi mahali pao.

Nikampigia Janeth. Nilianza kwa kumfokea, Mungu anisamehe, nikamwambia faili lako limetuua. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtoto analia nyuma yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Mlichagua safu moja tu, Ester?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza ana nakala wapi. Alikuwa nayo kwenye flashi, lakini ile ni ya kabla ya kufukua, ina majina bila namba. Namba aliziandika pale pale makaburini, kwenye faili lile lile, na mtandao kule bondeni haukuwepo. Alihifadhi kwenye laptop akaikabidhi. Alisema alidhani ofisi inachukua nakala ya kila laptop. Ofisi ilidhani Janeth anachukua nakala mwenyewe. Makao makuu walidhani kila kitu kiko kwenye mfumo.

Tulijaribu. Kijana aliyeandika namba hakukumbuka kitu. Watu wachache walipiga picha kwa simu, tukazikuza, tukapata masanduku mawili matatu ambayo namba inaonekana na familia inajulikana, na zote zilithibitisha tulichokiogopa. Mzee Zakaria yuko chini ya msalaba wa Adela. Fransisko kila Jumapili anasali kwenye msalaba wa Zakaria, mwisho wa makaburi, juu ya mtu asiyemjua, na mimi nikienda Mluwila nampa mkono wa amani kanisani.

Mkurugenzi alikuja kutoka Dar. Mama wa makamo, anaongea taratibu, hana kiburi. Alisikiliza, akaandika, akashusha pumzi. Nikamwambia ipo njia. Masanduku yafunguliwe, watu waliofunga kwa vitambaa vyao watavitambua, mama yangu kanga yake ataitambua hata gizani. Akaniuliza, na ambao hawakuweka kitambaa cha kutambulika, tutawaambia nini? Na je, kuna familia itakayokubali marehemu wake achimbuliwe mara ya pili? Na mahakama, na serikali, na magazeti? Alisema atalipeleka ngazi ya juu. Nadhani alilipeleka kweli. Ngazi ya juu ikajibu kwa kutuandalia semina.

Semina ilifanyika hotelini, chini kidogo ya mlima, siku mbili. Tulifundishwa kwamba mafaili wanayojitengenezea wafanyakazi ni hatari kwa taasisi. Kila faili muhimu lisajiliwe. Liwe na mwenyewe anayejulikana. Lifungwe kwa neno la siri, lichukuliwe nakala, na mtu wa pili alikague kabla ya kutumika. Yote yalikuwa kweli. Ningeweza kusaini kila mstari kwa damu yangu. Mkufunzi alitoa mifano ya benki za Ulaya na kiwanda cha dawa. Mluwila haikutajwa. Nikanyoosha mkono, nikauliza, na faili lililokwisha kuharibika, waliomo ndani yake wanafanywaje? Severin alitazama viatu vyake. Mkufunzi akasema hilo ni swali zuri, ila tupo hapa kuangalia mbele. Kisha tukaenda kula.

Tuliporudi, faili la Janeth likasajiliwa. Sasa lina neno la siri, lina mwenyewe, na kila jioni linakwenda Dar. Limehifadhiwa vizuri kuliko faili lolote pale ofisini, na ndani yake kila jina limekaa kwa mtu siye.

Nilikaa na jambo hili moyoni mpaka likanishinda. Mwezi wa kumi ukiisha nikapanda Mluwila. Nilimkuta mama jikoni anachambua mchicha, nikamsalimia shikamoo, nikachukua kigoda. Nilimweleza yote, polepole, tangu siku ya makofi kanisani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda, anatupa mashina kwenye ungo.

"Kwa hiyo pale ninapopiga magoti ni nani?"

"Sijui, mama."

"Na Elia yuko kwa nani?"

"Sijui."

Nikaharakisha kumwambia habari ya kanga. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia akikubali yeye, tutakwenda kwa mjomba Pazi, tutakwenda kwa Fransisko, tutakwenda kwa padri, tutakwenda mahakamani ikibidi, masanduku yatafunguliwa, na kanga yake itaonekana. Kazi nitaiacha, sijali. Mikono yake ikasimama.

"Yafunguliwe yote?"

"Mpaka tuipate, mama. Linaweza kuwa la kwanza, linaweza kuwa la mwisho."

Alitikisa kichwa, taratibu. Nilijua ameshaamua, mama yangu namjua.

"Nifukue wafu wa watu mmoja mmoja nikimtafuta wangu? Nikamwambie Rosa kwamba yule ninayemsikia akimsimulia kila wiki siye mume wake? Rosa ana ugonjwa wa moyo, Ester. Ataanguka pale pale." Akachukua kitawi kingine cha mchicha. "Umemwambia nani mwingine hapa kijijini?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie."

Hapo hasira ikanipanda, ile niliyodhani imekwisha. Nikamwambia hicho ndicho hasa wanachokitaka wakubwa wangu, kwamba watu wanyamaze. Akasema wakubwa wangu yeye hawajui. Anaowajua ni hawa wenzake wa kijijini. Wameshapoteza bonde, wameshapoteza kanisa, walichobaki nacho ni misalaba ile, na yeye hatakuwa mtu wa kuwanyang'anya. Nilikwenda pale nikidhani nampelekea haki yake, kumbe nimemtwisha mzigo wa kampuni nzima, na yeye ameupokea.

Siku ya Marehemu Wote tulikwenda pamoja. Kijiji kizima kilikuwa pale, mishumaa na maua, watoto wamevaa nguo za sikukuu. Mama alitembea moja kwa moja mpaka kwenye msalaba wa Elia. Aling'oa majani, akafagia, akawasha mshumaa, akapiga magoti muda ule ule anaopiga siku zote. Midomo yake haikusogea. Kwenye msalaba uliofuata Rosa alikuwa anamsimulia Emanueli habari za mjukuu aliyefaulu kwenda sekondari. Alipomaliza alimgeukia mama, akamshika mkono, akamwambia kwamba wote wanamwonea wivu, kwa sababu yeye nafasi yake ipo tayari na atalala na mwanawe. Mama akatabasamu, akasema ni kweli, anamshukuru Mungu.

Tulirudi kwa njia ya mlimani, mimi nyuma, yeye mbele. Alikuwa anapumua kwa shida, akasimama, akajishikiza kwenye bega langu. Nilidhani anataka kupumzika.

"Nikifa," akasema, "nizikeni popote tu."